Mafundo yanayofunguka: jeli ya maji inayovutika, inayohisi na kutunza kidonda

Aliyewahi kufungwa kidonda cha goti anajua kuwa siku mbaya si ile ya kuanguka, ni ya kubadilishwa shashi. Muuguzi humwagia maji ya chumvi, husubiri kidogo, huanza kubandua kutoka pembeni kwa upole wote alionao, na bado shashi haitoki peke yake. Hutoka na kigaga, na chini ya kigaga huondoka na ile nyama changa ambayo mwili umeijenga kwa siku nne. Kidonda hufungwa upya. Mgonjwa hushuka ngazi, na kila goti linapokunjwa bandeji huvuta ukingo wa kidonda upande mmoja, ngozi upande mwingine.

Katika tukio hilo dogo mna shida tatu: shashi inakauka, haifuati mwendo wa ngozi, na haina habari yoyote ya kidonda kilicho chini yake. Wanakemia na wahandisi wanaozihangaikia kwa pamoja wameweka matumaini yao kwenye hidrojeli, hasa kizazi chake kipya kinachovutika kama mpira na kubadilika chenyewe kulingana na hali ya kidonda. Habari zake huandikwa kana kwamba ni miujiza, ilhali jambo likifunuliwa ni hadithi ya mafundo: yanavyofungwa na, zaidi, yanavyofunguka.

Mlenda, faluda na pampasi

Hidrojeli ni neno la maabara, lakini kitu chenyewe umeshakila. Anza na mlenda. Ndani ya bamia mna molekuli ndefu za jamii ya sukari, kila moja mfano wa uzi. Zikilowa hujitandaza, hushika maji na kuyafanya mazito na ya kuteleza. Ila nyuzi hizo hazijafungana. Kila mmoja unapita kando ya mwenzake, ndiyo maana mlenda hujivuta kutoka kwenye kijiko na kurudi bakulini.

Sasa fikiria faluda ya mwezi wa Ramadhani. Aga inayoigandisha nayo ni nyuzi za sukari, zinatoka kwenye mwani mwekundu, lakini hizi zikipoa husokotana na kushikana hapa na pale. Pale zinaposhikana ndipo penye fundo. Nyuzi zenye mafundo ni wavu, na wavu uliojaa maji husimama wenyewe kwenye sahani na hukatwa kwa kisu. Hiyo ndiyo hidrojeli: wavu wa molekuli ndefu, yaani polima, ambao sehemu kubwa ya uzito wake, mara nyingi asilimia 80 au 90, ni maji matupu.

Ya tatu wanaijua zaidi wenye watoto wachanga. Chana pampasi mpya utakuta unga mweupe. Punje zake ni polima iliyofungwa mafundo ya kudumu, na punje moja humeza maji safi mara mamia ya uzito wake. Mkojo inaumeza kwa kiasi kidogo zaidi, maana chumvi huipunguzia nguvu ya kuvuta maji.

Ukiziweka hizo tatu mezani unaliona tatizo lote. Mlenda unavutika lakini hausimami. Faluda inasimama lakini ukiivuta inakatika. Punje ya pampasi inakunywa maji kuliko zote, kisha ukiibana kwa vidole viwili inapondeka. Kwa ajili ya goti tunataka kitu kinachosimama kama faluda, kinavutika kuliko mlenda, na kinabaki na maji yake.

Kwa nini maji

Huku kwetu wengi tumelelewa na agizo moja: acha kidonda kipate upepo. Kigaga kikijitokeza tunafurahi, tunasema kimekauka, kinapona. Mwaka 1962 George Winter, mtafiti wa Uingereza, alichapisha majaribio aliyofanya kwa nguruwe. Alitia majeraha madogo ya juu juu, mengine akayaacha wazi, mengine akayafunika kwa karatasi nyembamba ya plastiki isiyoruhusu maji kupotea. Yaliyofunikwa yaliota ngozi mpya kwa kasi karibu maradufu.

Sababu yake ni rahisi. Seli za ngozi huziba kidonda kwa kutambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati. Uso ukiwa na unyevu zinateleza juu yake. Uso ukikauka, kigaga kinakuwa ukuta, na seli hulazimika kujichimbia njia chini yake kuitafuta sehemu yenye unyevu. Kigaga tunachokisifu ni kizuizi ambacho mwili unakizunguka.

Hapo hidrojeli ikapata kazi. Teknolojia yenyewe ilikuwa imeshaanza jirani: mwaka 1960 Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Chekoslovakia walichapisha katika jarida la Nature pendekezo la jeli zenye maji kwa matumizi ya mwilini. Krismasi ya 1961 Wichterle alitengeneza lenzi laini za macho nyumbani kwake, kwa mashine aliyoiunga kwa vipande vya kuchezea vya watoto na dainamo ya baiskeli. Lenzi laini wanazovaa watu machoni leo ni ukoo huo huo.

Leo hidrojeli ya vidonda inauzwa, ama kama kipande bapa ama kama ute ndani ya tyubu. Inafaa kidonda kikavu, au chenye nyama iliyokufa inayohitaji kulainishwa. Kidonda kinachotoa majimaji mengi hakiifai, maana maji huzidi na ngozi ya pembeni inalowa na kuwa nyeupe yenye makunyanzi, kama vidole vya mfuaji nguo. Jeli hizi za dukani ni nzuri kwa kazi yake, lakini hazivutiki kwa kiasi cha maana na hazihisi kitu. Mtu akikuuzia tyubu kwa bei ya juu akidai ni ile “yenye akili”, mwache.

Kanga na nyavu mbili

Kwa nini jeli hukatika upesi? Mwenye kuuza kanga atakueleza bila kusoma fizikia. Doti ikitakiwa itenganishwe, hutia mkato mdogo ukingoni kisha anavuta, na kitambaa chote kinachanika moja kwa moja. Nguvu zote hukusanyika kwenye ncha ya ufa. Uzi wa kwanza ukikatika, mzigo wake unamwangukia jirani, naye anakatika, na mzigo unasonga. Katika jeli hali ni mbaya zaidi, kwani tisa ya kumi ni maji na maji hayabebi mzigo. Nyuzi chache zilizopo zinapigwa mmoja baada ya mwingine.

Mwaka 2003 Jian Ping Gong na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, walileta wazo ambalo mwanzoni linasikika kinyume: ili jeli isikatike, weka ndani yake kitu kinachokatika kwa urahisi. Walitengeneza nyavu mbili zilizoingiliana. Wa kwanza una nyuzi zilizokazwa na mafundo mengi, wenye kuvunjika upesi. Wa pili umelegea na unavutika sana. Ukiivuta jeli, wavu wa kwanza huvunjika vipande vipande katika eneo pana kuzunguka ufa, na kila uzi unaokatika unakula sehemu ya nguvu uliyotia. Wavu wa pili unashikilia umbo. Ufa unaishiwa nguvu kabla haujasafiri. Wavu wa kwanza unatolewa sadaka.

Sadaka hiyo ina kasoro: ikishatolewa imekwisha. Ukiivuta mara ya pili, jeli haina tena cha kuvunja, na goti hukunjwa maelfu ya mara kwa siku.

Jibu zuri kuliko yote niliyoyasoma lilitoka Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 2012, kwenye kundi lililomjumuisha Zhigang Suo. Kwa wavu wa kwanza walitumia alginati, sukari inayotolewa kwenye mwani wa rangi ya kahawia. Nyuzi za alginati hazishikani zenyewe; zinaunganishwa na chembe za kalsiamu zenye chaji, ambazo huketi katikati ya nyuzi mbili na kuzibana, kama vifungo vya kubana vya shati la mtoto. Wavu wa pili ulikuwa poliakrilamidi, polima inayoundwa kwa akrilamidi, yenye mafundo ya kudumu. Ukiivuta jeli, vifungo vya kalsiamu vinafunguka kimoja kimoja na kula nguvu. Ukiiachia, vingi vinapata muda wa kujibana tena, hasa jeli ikipata joto.

Alginati peke yake hukatika ikivutwa kufikia mara 1.2 tu ya urefu wake. Mchanganyiko ule ulivutika zaidi ya mara 20, na hata ulipotiwa mkato makusudi, kama ile kanga, ulifika mara 17. Nishati inayohitajika kuuchana ilikuwa karibu jouli 9,000 kwa kila mita mraba. Jeli za kawaida huishia kwenye 10 hivi, na gegedu la binadamu kwenye 1,000. Kitu hicho bado kilikuwa maji kwa karibu asilimia 90.

Msomaji wa Zanzibar huenda ameshaanza kujiuliza kuhusu mwani wa Paje na Jambiani. Ule ni mwekundu, hautoi alginati, hutoa karagenani, nayo ni nyuzi za sukari. Aina inayoitwa kotonii hutoa karagenani inayoganda ngumu na kukatika, spinosamu hutoa laini inayonyumbuka. Karagenani imeshatumiwa pia maabara kama wavu wa kwanza katika jeli za nyavu mbili. Kina mama wanaoanika mwani ufukweni wanauuza kwa kilo, mkavu, na safari yote ya baadaye hufanyika mbali nao. Hilo lina makala yake.

Macho ya wavu na dawa

Fundo linalofunguka ndilo linaloipa jeli nguvu. Fundo hilo hilo, likifungwa kwa kemia nyingine, ndilo linaloipa uwezo wa kuhisi.

Dawa ndani ya jeli ni samaki ndani ya wavu. Kama macho ya wavu ni makubwa kuliko samaki, anapita. Macho ya hidrojeli kwa kawaida huwa na upana wa nanomita kadhaa hadi makumi. Dawa nyingi za antibiotiki ni dagaa, hazifiki hata nanomita mbili, hutoroka zote ndani ya saa chache. Protini kubwa ni changu na hukawia. Kwa hiyo anayebuni jeli ya dawa ana njia tatu: kuyabana macho, kuifunga dawa yenyewe kwenye uzi, au kuyafanya macho yafunguke pale tu panapotakiwa. Hii ya tatu ndiyo inayoitwa “kuitikia”, na haihitaji betri wala kompyuta.

Kidonda kina ishara zake. Ya kwanza ni uchachu. Ngozi isiyo na jeraha ina uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu) kati ya 4 na 6. Kidonda sugu, kama kile cha mguu wa mgonjwa wa kisukari, huelekea upande wa alkali, kinyume cha uchachu, 7 hadi 9. Polima yenye vikundi vya asidi ikifika huko hupata chaji hasi kila mahali, na kwa kuwa chaji za aina moja hufukuzana, nyuzi zinasukumana, wavu unafura, macho yanafunguka, dawa inatoka. Kidonda kikianza kupona na kurudi kwenye uchachu wake, wavu unasinyaa.

Ishara ya pili ni vimeng'enya. Kidonda kilichokwama kimejaa vimeng'enya vinavyokata protini, vinakata hata nyama changa inayojaribu kuota. Wabunifu hutumia kipande kifupi cha protini kama fundo la wavu: palipo na vimeng'enya vingi mafundo mengi yanakatwa na dawa nyingi inatoka. Adui mwenyewe anafungua mlango wa ghala la silaha.

Sukari inanivutia zaidi, kwa sababu fundo lake ni la kugombaniwa kiti. Kuna kemikali yenye boroni, asidi ya fenaili-boroniki, inayopenda kushikana na molekuli zenye umbo fulani, zikiwemo sukari. Uzi mmoja ukiwa na boroni na wa pili ukiwa na umbo hilo, vinashikana: fundo. Glukosi ikija kwa wingi, inamnyang'anya uzi wa pili kiti chake. Fundo linafunguka, na insulini iliyofungiwa ndani inapata njia. Glukosi ikipungua, uzi unarudi kitini. Kwenye karatasi inapendeza mno. Mwilini ugumu ni kasi: sukari hupanda baada ya sahani ya wali ndani ya dakika chache, na jeli nene hukawia kupata habari.

Halafu kuna mvuto wenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa North Carolina, Marekani, akiwemo Zhen Gu, waliweka vitone vya jeli vyenye dawa ndani ya utando wa mpira. Utando ukivutwa, kama unavyovutwa juu ya kiungo cha kidole, vitone hubanwa na kuachia kiasi cha dawa. Walijaribu antibiotiki na dawa ya saratani, na insulini kwa panya wenye kisukari. Hapo mwendo wa goti, uliokuwa adui wa bandeji, ndio unaobonyeza kitufe.

Nyuzijoto 32

Ishara ya mwisho ni joto, na hapa nina neno la kusema kama mtu wa pwani.

Kuna polima maarufu kuliko zote katika fani hii, kwa kifupi PNIPAM. Chini ya nyuzijoto 32 za Selsiasi hivi, inapenda maji na kufura. Ikivuka hapo inayakataa, inajikunja na kusinyaa kwa ghafla. Kwa kuwa ngozi yetu huwa juu kidogo ya kiwango hicho, kundi la David Mooney wa Harvard lilitengeneza mwaka 2019 plasta inayobandikwa ikiwa baridi na, ikishapata joto la ngozi, inasinyaa na kuzivuta kingo za kidonda zikaribiane. Mfano waliuchukua kwa kijusi tumboni, ambaye seli za kidonda chake hujikaza pande zote kama kamba ya mdomo wa gunia. Plasta iliharakisha kufunga vidonda vya panya.

Lakini nyuzijoto 32 ni joto la ngozi na pia ni joto la mchana wa Februari Dar es Salaam au Mombasa, kivulini. Plasta iliyobuniwa Harvard isinyae ikigusa ngozi inaweza kusinyaa ikiwa bado ndani ya boksi, kwenye rafu ya zahanati isiyo na feni au nyuma ya bodaboda. Wanakemia wanaweza kukipandisha kiwango hicho kwa kuchanganya polima inayopenda maji zaidi; si kazi kubwa. Ila mtu huifanya akikumbuka kwamba rafu hiyo ipo.

Zipo kasoro nyingine. Hidrojeli iliyo wazi hukauka, na iliyo kwenye majimaji huendelea kuyanywa, inafura na kudhoofika. Akrilamidi ambayo haikuungana vizuri ni sumu ya mishipa ya fahamu, hivyo jeli ya nyavu mbili lazima ioshwe sana kabla haijaguswa na kidonda. Kuiua vijidudu ni mtihani, maana joto kali linaweza kuvuruga wavu pamoja na dawa. Na panya ni shahidi asiyetosha: ngozi yake imelegea na ina utando wa msuli chini unaovuta kidonda kijifunge, wakati sisi hutegemea zaidi ngozi mpya kuota. Plasta inayosaidia kuvuta kingo itaonekana hodari kwa mnyama ambaye tayari anavuta. Ndiyo maana watafiti makini humrudia nguruwe, kama Winter.

Kwa mguu wa kisukari kuna jambo hata jeli bora haitalibadilisha. Kidonda kile hakiponi kwa sababu damu haifiki vizuri, au mguu umekufa ganzi na mgonjwa anaendelea kuukanyagia. Kuupumzisha mguu na kuishusha sukari ndiyo tiba. Jeli inashughulikia juu.

Kubandika na kubandua

Imebaki shida tuliyoanza nayo. Jeli nyingi hazishiki kwenye uso wenye majimaji, na zinazoshika, kama gundi za hospitali zinazoganda papo hapo, hukauka ngumu na kukatika ngozi ikijikunja. Mwaka 2017 kundi la Mooney liliangalia ute wa koa, konokono asiye na nyumba mgongoni, ambaye akitishwa hujigandisha juu ya jiwe lenye maji na kumchosha ndege. Walitengeneza gundi ya tabaka mbili: moja ni jeli ya alginati na poliakrilamidi tuliyokwisha kuiona, nyingine ni polima yenye chaji chanya kama kitosani, inayotokana na maganda ya kamba na kaa. Kitosani inaingia kwenye tishu na kushika. Jeli iliyo nyuma yake inakula nguvu ya kuvutwa, ili mshiko usibebe mzigo wote. Ilishika kwenye moyo wa nguruwe, damu ikiwepo.

Miaka miwili baadaye Xuanhe Zhao na wenzake wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, wakaja na utepe mkavu ambao kwanza hunyonya maji yaliyo juu ya tishu, kisha hujifunga nayo kikemia, yote ndani ya sekunde tano hivi. Swali la muuguzi yeyote lingekuwa lile lile: na kuubandua je?

Mwaka 2020 kundi hilo lilitoa jibu. Katika kila fundo linaloshika tishu waliweka kiungo dhaifu kwa makusudi, chenye salfa mbili zilizoshikana. Utepe hukaa imara kwa siku, unavutika na ngozi. Ukitaka kuuondoa, unaulowesha kwa myeyusho wa glutathioni, kitu ambacho seli zetu hujitengenezea, pamoja na bikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kuokea keki. Glutathioni inakata viungo vya salfa, bikaboneti inalegeza mishiko midogo iliyobaki. Baada ya dakika tano utepe unaachia wenyewe, na nyama changa inabaki mahali pake.